Siku tano za vuli ndani ya mto Gura

Jumatano, 18 Oktoba 2023

Mimi ni mtoto wa Kipini, huko pwani. Mshipi niliushika kabla ya kalamu, na maisha yangu yote sikuwahi kumwona samaki aliyevuliwa bila chambo kinachonuka. Ndiyo maana shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa Nyeri, aliponisimulia mwezi wa Agosti kwamba kwao watu huvua kwa manyoya ya shingo ya jogoo, nilicheka mpaka chai ikanipalia. Hakukasirika. Alisema tu, "Njoo Oktoba, mvua haijashika. Utacheka ukiwa ndani ya maji."

Basi nimekuja. Treni kutoka Mombasa, usiku mmoja Nairobi, kisha gari la shemeji: Thika, Makutano, Sagana, Karatina. Njia nzima redio haikuwa na habari nyingine ila El Niño, inakuja, haiji, inakuja. Shemeji alikuwa akichungulia mawingu kupitia kioo kama mtu anayedaiwa.

Neno vuli lina mambo yake. Katika vitabu vinavyosimulia Ulaya, vuli ni majani kupukutika na baridi kuingia, na wavuvi wa trauti, samaki wa maji baridi, huupenda msimu huo kwa sababu maji yaliyopata joto kiangazi hupoa na samaki huchangamka. Kwetu pwani vuli ni mvua ndogo, na kabla yake ni tanga mbili, upepo wa kusi umechoka na wa kaskazi haujajua njia. Huku mlimani maji ni baridi mwaka mzima kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo mvuvi haombei baridi. Kinachoviziwa hapa ni usafi wa maji. Vuli ikishika, mito inageuka uji, na trauti ni samaki wa kuwinda kwa macho, asipoona, hali.

Tulisimama Kiganjo, kwenye kituo cha serikali cha kuzalisha trauti kilichoanzishwa 1948. Nilitarajia bwawa, nikakuta mifereji ya saruji inayopitisha maji ya mlima bila kukoma. Mtunzaji alituonyesha vifaranga urefu wa njiti ya kiberiti, wote wameelekeza vichwa mkondo unakotoka. "Huyu akikosa maji yanayotembea, anakosa pumzi," alisema. Maji baridi hubeba hewa nyingi, ya moto hubeba kidogo, na trauti ana tamaa ya hewa. Ndiyo sababu hapa Kenya huwapati tambarare. Wanaofugwa hapo ni wale wa upinde wa mvua, wenye mkanda wa waridi ubavuni. Tulinunua wanne.

Jioni, nyumbani kwa mama mkwe karibu na Othaya, nikaomba jiko. Nilikuwa nimebeba nazi mbili na ndimu kutoka Mombasa, maana najua ninakokwenda. Mama mkwe alikaa kando akiniangalia kwa adabu, kama anayemtazama mkwewe akifanya kosa ambalo si vizuri kulisema. Walikula, na shemeji akaongeza. Lakini jirani yao, mzee ambaye ndiye atakayetuongoza mtoni, alimsukuma samaki pembeni ya sahani kwa kijiko, akala ugali kwa mchuzi wa nazi hadi akaupangusa wote. Wakikuyu wa zamani hawakuwa walaji wa samaki, na yeye hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Amewaongoza wavuvi zaidi ya miaka arobaini. Hajawahi kuonja trauti.

"Mchuzi huu ni mzuri," aliniambia. "Weka kuku."

Alhamisi, 19 Oktoba

Gura unateremka kutoka milima ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua, unapita msituni, kisha unaingia katikati ya mashamba ya majani chai. Watu wa hapa husema hakuna mto Afrika unaoushinda mbio. Nilisimama ndani yake, maji yakanifika magotini, nikaamini. Maji yanasukuma kama umati wa watu wanaowahi feri ya Likoni, na mawe ya chini ni ya mviringo na yana utelezi. Gambuti zangu mpya zilijaa ndani ya dakika tano. Za mzee hazikujaa, kwa kuwa yeye hakuingia palipo na haja ya kujaa.

Saa moja na nusu asubuhi shemeji alitumbukiza kipimajoto: digrii kumi na tatu. Mimi nilikwisha kujua kwa meno yangu.

Sasa niseme habari ya kutupa, maana hiyo ndiyo iliyonila siku nzima. Baharini kinachokwenda mbali ni chubwi, kile kizito kinachofungwa mshipini. Unaizungusha, unaiachia, nayo inauburuta mshipi hadi unakotaka. Huku hakuna chubwi. Nzi wa manyoya hana uzito wowote, ukimtupa peke yake anakurudia usoni. Kinachotupwa ni mshipi wenyewe, mnene, wa rangi ya ndimu, na mwisho wake umeungwa uzi mwembamba wa nailoni usioonekana majini. Unauinua mshipi, unaurusha nyuma ya bega, unasubiri unyooke wote hewani huko usikouona, ndipo unausukuma mbele. Ukiwahi, unakatika kama mjeledi na nzi anaruka zake. Ukichelewa, unaanguka nyuma na kumnasa mchai.

Kusubiri huko ndiko kulikonishinda. Mkono wangu umezoea kazi, haujazoea kukaa bure. Mzee alisimama kwenye jiwe akinihesabia kama mwalimu wa madrasa: "Ngoja. Ngoja. Bado. Sasa." Kila "sasa" yake mimi nilikuwa nimeshatupa. Hadi saa nne nzi wanne walikuwa wamebaki kwenye matawi, na mwanamke mmoja aliyekuwa akichuma chai ng'ambo alikuwa ameweka kikapu chini ili atazame vizuri.

Mzee akaniambia nitoke, akalipindua jiwe moja. Chini yake kulikuwa na mji. Wadudu bapa wenye mikia mitatu walikimbilia upande wa kivuli, na karibu yao vijumba vidogo vya changarawe vilivyogundishwa kwa ustadi wa ajabu, kila kimoja kina buu ndani. Hicho ndicho chakula cha trauti. Mdudu akibanduka, mkondo humchukua, naye samaki amekaa nyuma ya jiwe ambako maji yametulia, akingoja kiletwe. Basi kazi ya mvuvi ni kumfanya nzi wake ateremke kwa mwendo uleule wa maji, bila kuvutwa. Mshipi ukikaza kidogo tu na nzi akakata maji, samaki anajua huyu si mdudu.

Nzi tuliotumia walikuwa wa aina mbili, Coachman na mwingine mweusi mnene anayeitwa Kenya Bug. Wote wamefungwa hapahapa nchini. Wakenya wengi hawajui kwamba kuna mafundi, wengi wao wanawake, wanaokaa mezani siku nzima wakizungushia nyuzi na manyoya kwenye ndoana ndogo kuliko ukucha, na kazi yao inatumika kuvulia kwenye mito ya Ulaya na Marekani. Mimi mwenyewe sikujua hadi leo, na nimevua miaka thelathini.

Mchana tulikula githeri kwenye majani, na shemeji akanipa kisa cha mto. Samaki hawa si wa hapa. Mwaka wa 1905 Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyevuka Afrika kutoka Cape hadi Cairo mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, wakawekwa katika Gura. Hebu fikiria: mayai ya samaki wa baridi yanapita Mombasa yetu ile ya jua, yanapanda reli ambayo haikuwa na miaka kumi, kisha yanabebwa hadi milimani. Wale wa upinde wa mvua walifuata baadaye. Masetla walitaka mto ufanane na kwao. Mto wenyewe ulikuwa wa watu wasiokula samaki, na kwa miaka mingi watu hao walihitaji ruhusa ya kushika kilichomo ndani yake.

Alasiri samaki wawili walimpokea nzi wangu. Nakumbuka vizuri nilichofanya, maana nilikifanya mara mbili vilevile: nilivuta kwa nguvu, kama mtu aliyehisi tewa kwenye pima ishirini. Uzi ukakatika kama utando wa buibui. Wa kwanza shemeji aliniambia pole. Wa pili hakusema kitu.

Ijumaa, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Wengine wako Kericho kwenye gwaride, sisi tuko kwenye lango la Kiandongoro saa kumi na mbili na nusu, kioo cha gari kina ukungu mgumu unaokwanguliwa kwa kadi ya simu. Hapa ni karibu mita 3,000 juu ya bahari. Nilivaa kila nguo niliyokuja nayo, na kikoi shingoni.

Juu ya msitu wa mianzi, mlima unafunguka ghafla. Ni nyanda za nyasi za mafungu mafungu, kila fungu kama kichwa cha mtu asiyechana nywele, na kati yake mimea mirefu ya ajabu iliyosimama kama walinzi. Vijito vya mto Chania ni vyembamba, pengine unavivuka kwa hatua mbili, na maji ni safi kiasi kwamba kina hakieleweki. Nilikanyaga nikidhani ni kifundo, nikazama hadi pajani.

Hapa huvui peke yako. Tulipewa askari wa wanyamapori mwenye bunduki, kijana mpole, aliyekaa na mgongo kwetu muda wote akiangalia vichaka. Saa tatu hivi aliinua mkono tu. Tukaganda. Nyati mmoja, dume pweke, alikuwa ametoka ukunguni hatua sitini hivi upande wa juu, ametutazama kama tunamdai yeye. Baharini nimekutana na papa, lakini papa hupita. Huyu alisimama. Dakika ngapi sijui. Kisha akageuza kichwa akaondoka bila haraka, na mzee akatema mate na kuniambia, "Endelea, ulikuwa unaanza kungoja vizuri."

Alikuwa sahihi. Labda ni ile hofu iliyonitoa haraka mwilini. Nilitupa mara tatu zilizonyooka, na ya nne nzi akatua juu kidogo ya jiwe, akateremka, na mshipi ukasimama pale usipopaswa kusimama. Sikuvuta. Niliinua ufito tu, kama mtu anayeinua pazia.

Hakufika shibiri. Trauti wa kahawia, mgongo wa rangi ya majani makavu, ubavu wa manjano wenye madoa meusi na mengine mekundu yaliyozungushiwa duara jepesi. Nimewaona changu, nimewaona pono wa kila rangi, lakini samaki mdogo aliyechorwa kwa utulivu namna ile sijawahi. Nikamtia kwenye kimia, nikageuka kutafuta mfuko.

"Mrudishe," alisema shemeji.

Hapo tuligombana, na nataka iandikwe kwamba sijakubali kushindwa. Kwetu samaki aliyenasa ni riziki. Kumrudisha ni kumwambia aliyekupa kwamba hukuhitaji. Kama humli, kwa nini unamtesa? Shemeji akasema hawa wa kahawia wamebaki wachache, wanakua polepole kwenye maji haya maskini, na ukila mmoja mmoja kwa mizaha mto unakwisha. Nikamwambia basi wavue viazi. Mzee alitusikiliza, kisha akamchukua yule samaki kimiani kwa mkono uliolowa, akamshikilia majini, kichwa kikielekea mkondo, mpaka mkia ukaanza kupunga. Akamwachia. Hakuna aliyemwomba ushauri na hakuutoa.

Kabla ya kushuka tulipita kwenye maporomoko ya Karuru, yanayoanguka mita 273 kwa ngazi tatu. Kutoka hapo ng'ambo ya bonde unaona Gura nao ukijirusha kutoka ukingoni, uzi mweupe tu kwa mbali. Ndio uleule niliosimama ndani yake jana. Ukungu ulifunga baada ya muda mfupi na tukaondoka. (Kwa anayesoma ramani: Chania tuliyovua leo ni ile inayopita Nyeri mjini. Chania ya Thika, yenye maporomoko yanayopigwa picha, ni mto mwingine unaotoka milima hiihii.)

Jumamosi, 21 Oktoba

Tumerudi Gura. Usiku nilisikia mvua juu ya mabati, chache, kama mtu anayejaribu mkono. Asubuhi maji yalikuwa bado mazuri, yamepanda kidole kimoja.

Mzee alinipeleka peke yangu kwenye bwawa lililo chini ya daraja la miti, shemeji akabaki juu. Alinionyesha mahali ambapo mkondo mkali unapakana na maji tulivu, mstari wa mapovu unapita hapohapo. "Chakula kinapita kwenye mapovu," alisema. Kisha akakaa akanyamaza, na kwangu hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Nilivua mstari ule kwa saa nzima. Niligundua kwamba mwili wangu ulikuwa unajua kitu kutoka kwetu ambacho nilikisahau: kusoma maji yanayopita juu ya maji mengine. Kipini, pale Tana unapoingia baharini, ipo mistari kama hii, mikubwa zaidi, maji ya mto ya rangi ya chai ya maziwa yakibishana na ya bahari, na baba alikuwa akitupeleka kuvua palepale yanapobishania. Nilipoiona hivyo nikaacha kuogopa. Nikatupa juu zaidi, nikaulegeza mshipi, nikamwacha nzi ashuke kivyake.

Aliponasa sikuhisi mpigo, nilihisi uzito, kama mto wenyewe umeshika. Nikainua. Akaenda chini, akaenda ng'ambo, akajaribu kuingia chini ya jiwe, na rili ikalia sauti ambayo mishipi ya mkono haina. Mzee alikuwa amesimama majini na sikumwona alipoingia. "Mpe. Mpe. Usimnyime." Nilimpa mpaka vidole vikaungua. Shemeji alipofika mbio, samaki alikuwa kwenye kimia: wa kahawia, taya lake la chini limeanza kupinda, urefu kutoka ncha ya kidole hadi karibu na kiwiko. Tulimpima kwa mizani ya shemeji ya mkononi, gramu 900 na kidogo.

Walinitazama wote wawili. Nikalowesha mkono.

Hatukupata nafasi ya kuzungumza habari hiyo. Majani yalianza kupita juu ya maji, kisha vijiti, kisha povu chafu, na mzee akasema neno moja la Kikuyu ambalo halikuhitaji tafsiri. Tulipanda ukingo kwa magoti na viganja. Huku tulipo jua lilikuwa linawaka. Mvua ilikuwa imenyesha kule juu. Ndani ya robo saa jiwe alilokuwa amekalia mzee halikuwapo, na Gura ilikuwa nyekundu kama chai ya rangi iliyochemka sana.

Tulikaa kwenye kibanda cha chai mpaka jioni, mvua sasa ikitupiga kwelikweli. Redio ikataja tarehe, na mzee akasema tarehe hii ina mambo. Tarehe 21 Oktoba 1956 ndiyo siku Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alipopigwa risasi na kukamatwa pembezoni mwa msitu huko Tetu, si mbali na tulipokuwa. Mzee alikuwa mtoto. Anachokumbuka ni mama yake akitoka alfajiri na jembe pamoja na wanawake wengine kwenda kuchimba handaki refu ambalo serikali ya kikoloni iliwalazimisha kulichimba kando ya msitu, ili chakula kisiwafikie waliokuwa ndani. Alisema wakati ule Wazungu waliendelea kuja kuvua. Siku nyingine waliweka bunduki upande mmoja na ufito upande wa pili. Akanywa chai yake, akaagiza nyingine.

Nilimuuliza kwa nini basi akaja kufanya kazi hii. Alinitazama kama nimeuliza kwa nini mtu anaishi kwake. "Mto ni wangu," alisema. "Samaki ndio wageni."

Jumapili, 22 Oktoba

Hakuna cha kuvua. Mito yote tuliyoipita ilikuwa na rangi moja. Mama mkwe amenifungia nduma na viazi vya kubeba, na mzee amenipa nzi mmoja aliyemfunga mwenyewe, mweusi, mkia wa manyoya ya kuku wake. Nimemchomeka kwenye kofia.

Pale Sagana tulisimama darajani. Maji ya Gura yameshaingia humu, pamoja na ya mito ya Mlima Kenya, na kutoka hapa mto unashuka kuitwa Tana. Trauti hawafiki mbali, joto huwazuia. Maji yanaendelea: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere, kila bwawa likichukua fungu lake la tope, kisha Garissa, Hola, Garsen, hadi nyumbani.

Nikampigia Mama simu. Nikamwambia maji yamechafuka huku tangu jana, akina kaka wafunge vyombo vizuri na wasiache nyavu mlangoni mwa mto, mwaka huu wanasema yatakuja mengi.

"Tumesikia," alisema. "Na wewe umepata?"

"Nimepata, Mama. Mkubwa."

"Mashallah. Mmempika?"

"Nimemrudisha mtoni."

Simu ikawa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia:

"Alikuwa ameoza?"